Ukinasa Kanda za Zamani, Anzia kwenye Deki

Katika nyumba nyingi za Malava na vijiji vya Kabras vilivyoizunguka kuna kanda za VHS zilizowekwa juu ya kabati au kwenye sanduku la bati chini ya kitanda: harusi ya miaka ya tisini, mazishi ya mzee wa ukoo, harambee ya kujenga madarasa, kwaya ya kanisa ikiimba uwanjani. Huenda humo ndimo ilimobaki sauti ya nyanya akiongea Kikabras kilichonyooka, ambacho wajukuu wake hawakijui tena. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, majirani wa Wakabras katika kaunti hii hii ya Kakamega, kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Ulinzi huo unahusu ngoma inayochezwa leo. Jinsi ilivyochezwa miaka thelathini iliyopita ni jambo ambalo kanda za harusi na mazishi zinaweza kutuonyesha, kama bado zitakuwa zinachezeka. Mashine za kuzichezea zinapungua pia. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho duniani kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo mwaka 2016, kwa hiyo deki yoyote utakayoipata leo imeshatumika au imekaa ghalani.

Wengi wanaojaribu kuzihamishia kanda hizi kwenye kompyuta nyumbani hukata tamaa mapema. Picha inaruka, rangi inapotea, sauti inaachana na midomo, au skrini inabaki buluu tupu. Wakifika hapo hufungua mipangilio ya kompyuta na kubadilisha kila kinachobadilika, kisha hurudisha kanda nyuma na kujaribu tena, na tena. Njia hiyo naipinga. Ukikumbana na kasoro, ifuate picha kuanzia inakotoka: kanda, deki, waya, kifaa cha kunasia, na kompyuta iwe ya mwisho. Kasoro nyingi zinazoonekana kwenye skrini huwa zimeshatokea kabla picha haijafika kwenye kompyuta. Zaidi ya hilo, kompyuta unaweza kuijaribu mara mia bila kupoteza kitu, ilhali utepe hukwaruzwa kidogo kila unapopita kwenye vichwa vya deki, na ulioanza kuchakaa unaweza kuwa umebakiwa na safari moja nzuri tu. Safari hiyo usiitumie kwa majaribio.

Kabla ya kuwasha chochote, ishike kanda na uitazame kupitia kidirisha chake cha plastiki, ukiielekeza kwenye mwanga wa mlangoni. Utepe mzima huonekana mweusi, umejiviringa sawasawa, na kingo zake zimelingana. Ukiona unga mweupe au madoa ya kijivu yaliyotanda pembeni, hiyo ni kuvu, na hapa kwetu si jambo la ajabu: Kakamega ni mojawapo ya kaunti zinazopata mvua nyingi zaidi nchini, na unyevu huingia hata kwenye makabati yaliyofungwa. Kanda ya namna hiyo usiitie kwenye deki. Chembe za kuvu hubaki vichwani na kuhamia kwenye kanda nyingine zote utakazocheza baadaye, na utepe ulioshikana unaweza kukatika unapovutwa. Itenge kwenye mfuko wake, iache ikauke mahali penye hewa lakini pasipo jua la moja kwa moja, kisha umtafute fundi anayeweza kuifungua na kuipangusa. Kama huna haraka, panga kazi hii yote iwe kati ya Desemba na Februari, miezi ambayo mvua hupungua. Jambo jingine la kufanya mapema ni kuvunja kile kijipande cha plastiki kilicho kwenye mgongo wa kanda. Kikishavunjika, deki haitakubali kurekodi juu yake hata mtu akibonyeza kitufe kisicho chake.

Sasa tafuta kanda ya majaribio, ambayo hata ikiliwa na deki hakuna atakayelia. Mtu hufikiria haraka filamu ya dukani. Hiyo ndiyo isiyofaa, kwa sababu filamu nyingi za dukani ziliwekewa kinga dhidi ya kunakiliwa: deki hucheza vizuri, televisheni huonyesha vizuri, lakini kifaa cha kunasia huona mwanga ukipanda na kushuka au hukataa picha kabisa. Utahangaika siku nzima na kasoro iliyowekwa makusudi. Chukua kanda ambayo mtu alirekodi taarifa ya habari au mechi kutoka kwenye televisheni. Icheze kwenye deki iliyounganishwa na televisheni peke yake, bila kompyuta. Chengachenga zikitanda skrini nzima huku sauti ikisikika safi, vichwa vya deki vina uchafu. Zikijikusanya kwenye mkanda mmoja wa skrini, juu au chini, rekebisha trekingi polepole hadi zisogee na kutoweka. Na picha ikicheza vizuri kwa dakika chache kisha ikachafuka, utepe unamwaga unga wake vichwani. Simamisha, safisha, usiendelee kulazimisha.

Kusafisha vichwa ni kazi ya mkono mtulivu. Chomoa deki kwenye stima, ondoa kifuniko cha juu, na usiguse upande wa umeme hata baada ya kuchomoa, kwa kuwa baadhi ya vipuri hubaki na chaji. Utaona silinda ya chuma inayong'aa, imelala kwa mshazari kidogo. Vichwa ni vijitundu vidogo vilivyo kwenye mzingo wake, na ndani ya kila kijitundu kuna ncha nyembamba kuliko unywele. Lowesha kipande cha ngozi laini, kama kile cha kufutia miwani au lenzi, kwa pombe ya isopropili isiyo na maji mengi. Kibonyeze kwa wepesi ubavuni mwa silinda na ukishikilie pale pale bila kukisogeza, kisha uizungushe silinda taratibu kwa kidole cha mkono mwingine, ukiigusia juu. Usipangushe kwenda juu na chini hata mara moja, kwani ncha ile huvunjika kwa mwelekeo huo na deki inakuwa imekufa. Pamba ya masikioni iache, nyuzi zake hunasa vichwani. Spiriti ya kidonda inayouzwa kwenye maduka ya dawa nayo iache, kwa kuwa nyingine huchanganywa na mafuta ambayo hubaki kwenye chuma.

Hapa huja pingamizi ambalo ni zito kuliko yote: kanda inaonekana vizuri kabisa kwenye televisheni, tatizo linaanza inapounganishwa na kompyuta, basi vipi kosa lisiwe la kompyuta? Hoja hiyo ina mantiki, na ndiyo inayowapoteza watu wengi. Kenya ilitumia mfumo wa PAL, ambao picha yake ina mistari 625, mara 25 kwa sekunde. Ni mistari 15,625 kila sekunde, na kila mmoja una mikrosekunde 64 za kuanza na kumalizika. Kamera na kituo cha televisheni huitoa kwa usahihi huo. Kanda haiwezi. Utepe umevutika, mota ya deki imechoka, mpira unaozungusha umelegea, na mistari inatoka mmoja ukiwa umewahi kidogo na mwingine umechelewa. Televisheni ya zamani ya kioo kinene iliundwa kuvumilia hali hiyo. Hukisia mstari unaofuata utaanza lini na kusogea nao, na jicho lako halioni kitu ila labda kupinda kidogo juu ya skrini. Kifaa cha kunasia hufanya kazi kwa saa yake. Kinapima, kinahesabu, na mstari usipofika wakati wake kinaweza kuitupa fremu nzima, kurudia iliyopita, au kutoa skrini ya buluu kana kwamba hakuna waya uliounganishwa. Kwa hiyo televisheni hiyo inakuthibitishia kwamba kanda ina picha. Haikuthibitishii kwamba picha hiyo imetulia.

Kuna jaribio linalomaliza ubishi huu, na linahitaji dakika tano tu za utepe. Nasa kipande hicho kwa programu inayohesabu fremu zilizopotea. VirtualDub ni ya bure na huonyesha idadi hiyo ukiwa unanasa. Andika kwenye karatasi fremu zilipotea wakati gani: bibi harusi akiteremka garini, mchungaji akifungua Biblia. Rudisha nyuma, unase dakika tano zilezile bila kubadilisha chochote. Fremu zikipotea mahali palepale, kosa limo kwenye utepe au kwenye deki, na hakuna mpangilio wa kompyuta utakaoliondoa. Zikipotea mahali pengine kabisa, kanda haina hatia. Kompyuta ndiyo inayoshindwa kufuata. Jaribio hili lifanye kwanza kwa kanda ya majaribio, na kwa kanda ya thamani pale tu inapobidi.

Ikiwa kosa limo kwenye kanda, tiba ni kuweka katikati ya deki na kifaa cha kunasia mashine inayoipanga upya mistari kabla ya kuipitisha. Watu wa studio wana mashine za kazi hiyo na bei yake ni kubwa. Lakini baadhi ya mashine za kurekodi DVD zilizotoka miaka ya 2000 hufanya jambo lilelile bila kutangaza: zikipokea picha kwenye tundu la kuingilia, huinyoosha na kuitoa kwenye tundu la kutokea hata bila kuwekewa diski. Panasonic DMR-ES10 na DMR-ES15 zinajulikana kwa hilo. Ukiikuta mojawapo kwa wauza vyombo vya mtumba, hata kama sehemu yake ya diski imekufa, inafaa zaidi kwa kazi hii kuliko laptopu mpya. Kujaribu deki nyingine nako kunasaidia, maana kanda hupenda deki inayofanana na ile iliyoirekodi, na deki mbili hazisomi utepe mbovu kwa namna moja.

Waya hauhitaji maneno mengi. Wa manjano ni wa picha, mweupe na mwekundu ni wa sauti. Wa manjano ukichomekwa kwenye tundu la sauti utasikia mvumo mkali na hutaona kitu. Picha ikiwa nyeusi na nyeupe, chunguza kwanza kama programu imewekwa NTSC badala ya PAL. Herufi inayofuata PAL, iwe B au I, inahusu matangazo ya antena. Kwa waya hizi haibadilishi kitu, usipoteze muda nayo. Ila kanda iliyotumwa na jamaa aliye Marekani ni ya NTSC, mistari 525 na karibu fremu 30 kwa sekunde, na inahitaji deki inayosoma mifumo yote miwili pamoja na kuibadilisha programu iendane nayo. Kanda kutoka Uingereza haina shida hiyo. Ukiona vivuli vya mlalo vikipanda polepole kwenye picha, au ukisikia mvumo mzito usiokoma, chomoa chaja ya laptopu na uache itumie betri. Ukitoweka papo hapo, mvumo ulikuwa ukiingilia kwenye chaja, na dawa yake ni kuchomeka deki na laptopu kwenye ekstensheni moja, au kunasa kwa betri vipande vifupi.

Vifaa vya kunasia vya USB vinavyouzwa kwa bei ya chini ni kitendawili, kwa sababu vyenye sura na jina moja huwa na chipu tofauti ndani. Draiva ya kimoja haiendeshi kingine, na hapo ndipo mtu husema ameuziwa kifaa kibovu. Kabla ya kusema hivyo, fungua orodha ya vifaa kwenye Windows na usome namba ya utambulisho. Ukiona 05E1 ikifuatiwa na 0408, chipu ni STK1160 ya Syntek. 1B71 na 3002 ni ile iitwayo UTV007. Inayoanza na EB1A ni ya Empia. Tafuta draiva kwa namba hizo, usiitafute kwa jina lililo kwenye boksi. Kisha kuna njia ya kuamua kama kosa ni la draiva au la kifaa: washa kompyuta kwa Linux iliyo kwenye flashi, bila kuiweka kwenye diski yako. Linux ina draiva za chipu hizo tatu tangu mwanzo. Picha ikitoka huko na isitoke kwenye Windows, kifaa ni kizima. Na kama ni sauti tu inayokosekana kwenye Windows 10 au 11, angalia mipangilio ya faragha: mfumo huona sauti ya kifaa hiki kuwa ni maikrofoni, na ruhusa ya maikrofoni ikiwa imezimwa utanasa harusi ya watu wasiosema.

Ni sasa tu ndipo naikubali zamu ya kompyuta. Picha kamili ya PAL, 720 kwa 576, bila kubanwa, hula takriban megabaiti 21 kila sekunde, karibu gigabaiti 75 kwa saa. Diski ya nje au flashi iliyoandaliwa kwa FAT32 haikubali faili inayozidi gigabaiti 4, kwa hiyo kwa kasi hiyo unasaji utasimama baada ya dakika tatu na nusu hivi. Unasaji unaokatika kila mara kwenye ukubwa uleule wa faili una sababu hii. Andaa diski hiyo upya kwa NTFS au exFAT, baada ya kuhamisha vilivyomo. Ubanaji usiopoteza kitu, kama HuffYUV au Lagarith, hupunguza ukubwa mpaka nusu au chini yake, na HuffYUV haiichoshi kompyuta ya zamani kama H.264 inavyoichosha. Zima intaneti ili Windows isianze kujisasisha katikati ya hotuba, chomeka kifaa moja kwa moja kwenye laptopu bila kipanuzi cha USB, na usinasie kwenye diski iliyojaa. Sauti ikiachana na midomo, itazame inaachana vipi. Ikiruka ghafla, kuna fremu zilizopotea. Ikisogea kidogokidogo hadi mwisho wa kanda, ni saa mbili tofauti, ya picha na ya sauti, ambazo haziendi sawa. Nasa vipande vya nusu saa na tofauti haitafika mahali pa kuonekana. Vipande vifupi hukuokoa pia stima inapopotea, jambo ambalo hakuna asiyelijua hapa. Kama unanasa kwa programu ya OBS, chagua faili ya MKV badala ya MP4, kwa sababu MKV iliyokatizwa njiani bado hufunguka.

Kuna mambo mawili yanayoripotiwa kama kasoro ilhali si kasoro. La kwanza ni vile vistari vinavyoonekana kama meno ya kitana pembeni mwa mtu anayecheza au anayetembea. Picha ya analojia hutumwa nusu mbili, mistari ya shufwa na ya witiri, nusu 50 kwa sekunde, na kompyuta inazionyesha zikiwa zimepachikwa pamoja. Usijaribu kuviondoa kwa kupunguza ukubwa wa picha wakati wa kunasa, utakuwa umetupa nusu ya kanda. Nasa vilivyo, kisha viondoe kwenye nakala ya kutazama kwa kichujio kama yadif, ukikiambia kitoe fremu 50, na miguu ya wachezaji itabaki na wepesi wake. La pili ni ukanda mdogo uliochakaa chini kabisa ya picha, ambapo deki hubadilisha kichwa kimoja kwenda kingine. Ulikuwapo siku zote. Televisheni ilikuwa inauficha nyuma ya fremu yake. Kinachostahili hofu yako ni kingine: weupe uliopitiliza. Tazama gauni la bibi harusi au mashati ya kwaya. Mikunjo ikiwa imepotea na kubaki doa jeupe, punguza mwanga na ukolezi kwenye mipangilio ya kifaa kabla ya kunasa, kwa sababu kilichopotea hapo hakirudishwi baadaye kwa programu yoyote.

Mtu atauliza kwa nini ajisumbue hivi, ilhali anaweza kuielekeza simu kwenye televisheni na kurekodi, au kumpelekea kanda fundi wa Kakamega mjini. Simu huingiza mpepeso wa skrini, mwanga wa dirisha na sauti ya pikipiki inayopita njiani. Lakini kwa kanda inayokatikakatika, ambayo huenda haitacheza tena, irekodi hata kwa simu wakati unainasa, iwe akiba. Kwa fundi nenda bila kusita kanda ikiwa imekatika au ina kuvu. Muulize tu atakurudishia nini. Saa mbili au tatu za harusi zikibanwa kwenye DVD moja ya gigabaiti 4.7 zinakuwa zimepoteza mengi ambayo kanda bado inayo, kwa hiyo mpe diski yako na umwombe faili yenyewe jinsi alivyoinasa.

Ukishanasa, tazama faili yote hadi mwisho kabla ya kuirudisha kanda kabatini. Kaa nayo pamoja na wazee, uandike majina ya wanaoonekana na dakika wanapoonekana, kwa kuwa faili haitamtaja mtu yeyote. Weka nakala mbili kwenye diski mbili, moja ikae nyumba nyingine. Kanda usiitupe: irudishe mwanzo, isimamishe wima kama kitabu mahali pakavu, mbali na spika zenye sumaku. Deki bora au mashine ya kunyoosha mistari ikipatikana mwaka kesho, utakuwa na cha kunasa upya.